Wakata miwa wa visiwani huko Queensland: nianzie wapi nikiwa Kisumu?

NyanzaMiwa (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Natayarisha tasnifu ya shahada ya kwanza inayolinganisha vibarua wa miwa wa Kibos na Miwani enzi za mkoloni na wale waliopelekwa Queensland, Australia, kutoka visiwa vya Pasifiki. Upande wa huku najua milango ya kubisha. Upande wa kule nimeambulia muhtasari uleule: meli ya Don Juan ilitia nanga Agosti 1863 ikiwa na watu 67 wa kulima pamba ya Robert Towns kando ya mto Logan, wengine karibu 62,000 wakafuata hadi 1904, kisha ikaja sheria ya 1901 ya kuwaondoa na watu wakaanza kurudishwa kwa nguvu mwishoni mwa 1906. Kila ninaposoma, habari inaishia hapo. Matajiri wana majina, hata mji wa Townsville umepewa jina la huyo Towns. Waliokata miwa hawana majina wala kauli.

Nauliza: kuna nyaraka ninazoweza kuzifikia bure kwa simu na bando la kawaida, ambamo wafanyakazi wenyewe wanaonekana? Na nikizipata, ni makosa gani yanayoharibu kazi ya aina hii?

---

Jalada_Nakuru

Karibu, ndugu. Tuanze na hiyo 62,000, maana itakuponza. Ni hesabu ya mikataba, si ya vichwa. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, na wapo waliomaliza wakaandika mwingine, au waliorudi kwao kisha wakapanda meli tena. Mtu mmoja anaweza kuhesabiwa mara mbili au tatu. Andika "mikataba karibu 62,000".

Mlango wako wa kwanza ni Trove, hazina ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Australia. Haina malipo na haijali uko nchi gani. Ina magazeti yaliyopigwa picha tangu Sydney Gazette la 1803. Mengi yanakomea 1954 kwa sababu ya hakimiliki, jambo ambalo kwa mada yako halikupunguzii kitu. Mji wa Mackay ndio uliokuwa kitovu cha miwa, kwa hiyo soma Mackay Mercury, na kuanzia 1906 Daily Mercury. Ongeza Brisbane Courier na Queenslander. Usiliache Worker la Brisbane, gazeti la vyama vya wafanyakazi weupe. Liliwapiga vita watu hawa waziwazi, na huwezi kueleza sheria ya 1901 bila kujua chuki hiyo ilitoka wapi.

Sasa neno la kutafutia. Wengi wanaandika jina la heshima linalotumika leo, South Sea Islander, wanapata habari kidogo na kudhani kimya hicho ndicho historia. Mwandishi wa 1880 aliandika Kanaka, au Polynesian, au boy tu, hata kwa mtu mwenye ndevu. Polynesian lilikuwa ndani ya sheria ya Queensland ya 1868, ingawa wengi walitoka Vanuatu (wakati huo New Hebrides) na Visiwa vya Solomon, ambako si Polinesia. Tafuta kwa maneno yote hayo, moja moja. Lakini Kanaka linawaumiza wajukuu wao hadi leo: liandike kwenye kisanduku cha kutafutia na ndani ya alama za nukuu, lisiwe neno lako mwenyewe ndani ya tasnifu.

Majina ya mahali nayo yamebadilika. Innisfail iliitwa Geraldton hadi karibu 1910, na kuna Geraldton nyingine Australia Magharibi, maelfu ya kilomita kutoka hapo. Usipochuja kwa jimbo utajikuta unasoma habari za ngano na kondoo. Sisi tuliozoea kukutana na Port Florence (Kisumu) na Thomson's Falls (Nyahururu) kwenye karatasi za zamani tusishangae.

Jambo la kiufundi ambalo watu hawalielewi: unapotafuta, hutafuti ndani ya gazeti. Unatafuta ndani ya maandishi ambayo kompyuta iliyasoma kutoka kwenye picha ya gazeti. Wino uliofifia huifanya isome h kama b, e kama c, rn kama m, n kama u. Kanaka inaweza kuwa imehifadhiwa kama Kauaka, na hutaiona kamwe ukiandika ilivyo sahihi. Jaribu tahajia mbovu kwa makusudi. Ukifungua habari, soma picha, si maandishi ya kando. Na ukiona kosa, lisahihishe. Trove inaruhusu msomaji yeyote kurekebisha mstari, na mtafutaji ajaye ataipata habari hiyo kwa urahisi.

Trove pia inakupanulia neno bila kukuuliza, yaani inaleta na maumbo yanayofanana nalo. Kulizuia, tanguliza fulltext: kisha neno ndani ya alama za nukuu, bila nafasi. Kutaka maneno mawili yawe karibu, yafunge kwa nukuu na uweke ~10 mwishoni, yaani yasipishane kwa zaidi ya maneno kumi hivi. Halafu chuja: jimbo, gazeti, muongo, mwaka. Panga kuanzia la zamani, si kwa "umuhimu", maana umuhimu huo umekadiriwa na mashine.

Kuhusu bando: usifungue kurasa nzima. Fungua habari moja moja, pakua maandishi, na picha uichukue pale tu maandishi yanapotia shaka.

Umeuliza wafanyakazi wanaonekana wapi. Nenda kwenye safu ya mahakama, inayoitwa Police Court. Queensland ilikuwa na sheria ya mabwana na watumishi ya 1861, na kuacha kazi kabla ya mkataba kuisha lilikuwa kosa la jinai. Kwa hiyo tafuta absconding pamoja na Kanaka au Islander, Mackay, mwaka kwa mwaka. Mara nyingi ni mistari mitano tu: jina, shamba, kosa, adhabu. Wakati mwingine mshtakiwa anaeleza kwa nini aliondoka, kwa mfano chakula, kipigo, au mshahara uliozuiwa. Mistari hiyo ndiyo kauli unayosema haipo. Huku kwetu Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906 iliadhibu kosa lilelile, ila neno la makarani wa Kenya ni desertion. Ulinganisho wako umeshapata mguu wa kusimamia.

---

Nekesa_Bungoma

Mzee Jalada amemaliza magazeti. Mimi niongeze majalada ya serikali, kwa sababu gazeti humkumbuka mtu akishtakiwa au akifa, na katikati hapo huwa amepotea.

Kuna hifadhi mbili na watu huzichanganya. Kabla ya 1901 Australia haikuwa nchi moja, yalikuwa makoloni sita. Mambo ya 1863 hadi 1900, kama vile daftari za kuandikisha vibarua, barua za maafisa wa uhamiaji, na uchunguzi wa vifo, yako Queensland State Archives, Brisbane. Kufukuzwa kwa watu baada ya 1901 kulikuwa sheria ya serikali kuu, kwa hiyo sehemu kubwa ya barua hizo iko National Archives of Australia. Ukitafuta jalada la 1885 kwenye hifadhi ya taifa utazunguka bure.

Kwenye hifadhi ya taifa, jalada lililokwisha kupigwa picha unalisoma bure mtandaoni. Ambalo halijapigwa picha inabidi uliombe, na uulize gharama kwanza. Chuja uone yaliyopigwa picha tu kwanza. Angalia pia hali ya jalada: lililo wazi, lililo wazi kwa sehemu, ambalo bado halijakaguliwa, na lililofungwa. "Halijakaguliwa" halina maana kwamba umekataliwa. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuliomba, na ukiomba litakaguliwa, ila muda wake unaweza kupita tarehe yako ya kuwasilisha tasnifu.

Tafuta hasa maombi ya kubaki. Sheria ya 1901 iliwaacha waliofika kabla ya tarehe 1 Septemba 1879. Marekebisho ya 1906 yakaongeza wengine: aliyekaa miaka 20 mfululizo, mzee au mgonjwa asiyeweza kusafiri, mwenye ardhi yake, na baadhi ya waliooa. Ili aingie kwenye kundi mojawapo, mtu alilazimika kueleza maisha yake: alifika na meli gani, amefanya kazi kwa nani, ana watoto wangapi, wamesoma wapi. Karatasi iliyotungwa ili kumtoa nchini ndiyo iliyohifadhi wasifu wake. Mackay pia kulikuwa na chama, Pacific Islanders' Association, kilichopigania watu wasirudishwe. Soma maombi yake neno kwa neno, usichukue muhtasari wa mhariri wa gazeti.

Kama una nafasi ya sura fupi ya pembeni, tazama wachunga ngamia. Mwaka 1866 Thomas Elder alileta Port Augusta ngamia zaidi ya 120 na watu 31 wa kuwaongoza. Waliitwa Waafghani wote, ingawa wapo waliotoka Baluchistan, Sindh na Punjab. Kwa miaka mingi mizigo ya bara kavu, vifaa vya simu ya waya na chakula cha migodi, ilipita mgongoni mwa ngamia wao, na treni ya Ghan inayokwenda Alice Springs imebeba jina lao. Hawa ukiwatafuta Marree hutawapata katika karne ya 19, maana mji uliitwa Hergott Springs.

Nyaraka zao ni za pekee. Sheria ya uhamiaji ilipitishwa Desemba 1901, mwezi uleule reli ilipofika ziwani hapa Kisumu. Ilimruhusu afisa kumsomea mgeni imla ya maneno 50 kwa lugha ya Ulaya, lugha anayoichagua afisa, si mgeni. Mwaka 1934 mwandishi Egon Kisch, aliyejua lugha nyingi, alipewa imla ya Kigaeli cha Scotland ili ashindwe. Mkazi asiye mweupe aliyetaka kusafiri na kurudi ilimbidi achukue hati ya kusamehewa imla hiyo. Kwenye hati kuna picha ya uso na ya ubavu, urefu, makovu, mahali alipozaliwa, na nyuma yake kiganja kizima kimechapwa kwa wino mweusi, mistari yote ya mkono inasomeka. Mkenya aliyewahi kuona alama za vidole za kipande (kitambulisho cha kazi cha enzi za mkoloni) cha babu yake ataelewa anachokitazama. Hati za Sydney ziko kwenye mfululizo ST84/1, za Brisbane J2483. Andika namba hizo moja kwa moja kwenye kisanduku cha mfululizo.

---

NyanzaMiwa (Kisumu)

Asanteni sana, mzee Jalada na dada Nekesa. Nimejaribu absconding na Kanaka kwa Mackay, 1883 hadi 1885, na sasa nina tatizo la upande wa pili: majina yanajirudia mno. Tommy Tanna, Jack Malayta, Charley. Nitajuaje kama Tommy Tanna wa mahakamani 1884 ndiye Tommy Tanna wa orodha nyingine ya 1906?

---

Mwalimu_Kakamega

Kwa jina peke yake hutajua, na usijaribu. Jina la kwanza alipewa melini au shambani, la pili ni kisiwa chake. Tommy Tanna ni "Tommy wa kisiwa cha Tanna", na hao wako wengi. Wengine walichukua jina la tajiri.

Linganisha kwa vitu vingine: meli, tarehe ya kufika, kisiwa, shamba, umri, namba ya daftari kama ipo. Ukipata vitatu vinavyokubaliana na hakuna kinachopinga, andika "huenda ni mtu yuleyule". Umri usiutegemee sana, ulikadiriwa kwa macho. Visiwa navyo vina tahajia za zamani: Malayta ni Malaita, Mallicolo ni Malakula, Api ni Epi, Aoba ni Ambae, na Sandwich ni Efate. Tengeneza jedwali la tahajia kabla hujaenda mbali, la sivyo utahesabu kisiwa kimoja mara mbili.

Usitarajie sensa ikuokoe. Australia ilikuwa ikiharibu fomu za kaya baada ya kuhesabu. Kilichobaki ni jumla. Sensa ya New South Wales ya 1828 ni moja ya chache zilizobaki na majina, nayo ni ya mapema mno kwako. Kwa hiyo badala ya sensa tumia daftari za kodi za ardhi za halmashauri, orodha za shule, na vitabu vya mazishi vya makanisa.

Tahadhari ya magazeti. Habari moja ilinakiliwa kutoka gazeti hadi gazeti, wakati mwingine kwa miezi. Ukikuta tukio kwenye magazeti tisa, inawezekana ni mwandishi mmoja na wanakili wanane. Weka maandishi yake bega kwa bega. Sentensi zikifanana, huo ni ushahidi mmoja. Tafuta la mapema zaidi, na mara nyingi ndilo refu zaidi, kwa sababu wanakili hukata. Na tarehe ya gazeti si tarehe ya tukio. Habari ya meli ya kuandikisha watu visiwani ilisubiri meli irudi.

Lugha yenyewe inaficha. Kwenye habari za wenyeji asilia wa Queensland utakutana na neno dispersed, "walitawanywa". Katika ripoti za Native Police, kikosi cha polisi wenyeji chini ya maafisa weupe, neno hilo mara nyingi maana yake ni kupigwa risasi. Hili linaigusa mada yako, kwa sababu mashamba ya miwa yalipandwa juu ya ardhi iliyonyang'anywa watu hao, na tasnifu inayoanza na shamba tupu itakuwa imemsahau mtu mwingine. Chuo Kikuu cha Newcastle, Australia, kina ramani ya mtandaoni ya mauaji ya halaiki kuanzia 1788 hadi 1930, iliyoongozwa na Lyndall Ryan. Inaingiza tukio lililoua watu sita au zaidi, na kila nukta inaonyesha ushahidi wake na uzito wa ushahidi huo. Mengi hayakufika mahakamani kabisa. Myall Creek ya Juni 1838, ambako waliuawa watu wasiopungua 28, inajulikana kwa sababu wauaji saba walinyongwa Desemba mwaka huo, jambo lililokuwa nadra sana.

Ukifika kwenye mishahara, kumbuka mkataba wa kwanza ulikuwa wa pauni 6 kwa mwaka. Pauni ni shilingi 20, kwa hiyo shilingi 120 kwa mwaka, shilingi 10 kwa mwezi, juu ya chakula, nguo na malazi. Usigeuze kuwa shilingi za leo, haisemi kitu. Ilinganishe na mshahara wa mkata miwa mweupe wa mwaka uleule, au na bei ya unga kwenye matangazo ya gazeti lilelile.

---

Jalada_Nakuru

Kuhusu vifo, kwa kuwa utavikuta: vilikuwa vingi mno, hasa mwaka wa kwanza wa mkataba, kwa sababu watu walitoka visiwa vidogo na kukutana kwa mara moja na magonjwa ambayo miili yao haikuyajua, kama kuhara damu na kifua kikuu, huku wakifanya kazi nzito. Usichukue wastani wa miaka yote kana kwamba hatari ilikuwa sawa. Tenganisha aliyefika jana na aliyekaa miaka mitano. Na fuatilia mishahara ya marehemu. Mingi haikufika kwa jamaa visiwani. Ilibaki kwenye mfuko wa serikali, na fedha za mfuko huo zikatumika hata kulipia kuwarudisha wenzao. Wajukuu wao bado wanaidai.

Kuhusu kuhifadhi unachopata: kila habari ya Trove ina kiungo chake cha kudumu kinachoanza na nla.gov.au/nla.news-article na namba. Nakili hicho, si kiungo kirefu cha utafutaji kilicho juu ya skrini. Kile cha utafutaji kinaweza kubadilika na msimamizi wako asione kitu. Fungua lahajedwali yenye safu za tarehe ya gazeti, tarehe ya tukio, jina lilivyoandikwa, kisiwa kilivyoandikwa, shamba, kosa au jambo, adhabu, kiungo. Jina liache lilivyo na makosa yake, tahajia ya leo iweke safu yake pembeni. Weka pia safu ya neno ulilotafutia. Utakapoandika kwamba mwaka fulani hakuna kesi, lazima useme ulitafuta kwa maneno gani, kwenye magazeti gani, na kama matoleo ya mwaka huo yote yapo. Trove ina mapengo, kwani toleo ambalo halikuhifadhiwa halikupigwa picha.

Upande wa Kenya, ili ulinganishe sawa kwa sawa, omba ripoti za mwaka za wilaya, DC/KSM, na za mkoa wa Nyanza, PC/NZA, katika Nyaraka za Taifa. Angalia desertion kwa miaka ya mwanzo ya kipande, baada ya Vita vya Kwanza. Tofauti moja itakusumbua, na ni vizuri ikusumbue: mtoro wa Miwani aliweza kufika kwao kwa miguu. Mtu wa Tanna aliyetoroka Mackay alikuwa na bahari mbele yake. Usiziweke asilimia mbili za watoro kwenye jedwali moja bila kulieleza hilo, kwa sababu waliobaki Mackay si lazima walikuwa wameridhika.

---

Nekesa_Bungoma

La mwisho kutoka kwangu. Maktaba ya jimbo la Queensland na maktaba za halmashauri zina wasimamizi wa historia ya mtaa wanaojibu barua pepe. Andika swali moja, lenye mwaka na mahali, na useme ulishatafuta wapi. "Naomba habari za wakata miwa" litajibiwa kwa orodha ya vitabu. "Je, mnazo daftari za mazishi za Mackay za 1884, na zinaonyesha kisiwa alikotoka marehemu?" litajibiwa na mtu aliyenyanyuka akaenda kabatini. Brisbane wako mbele yetu kwa saa saba. Ofisi ikifunguliwa saa tatu asubuhi kwao, huku ni saa nane usiku, kwa hiyo tuma jioni upate jibu ukiamka.

Ukitaka kuzungumza na wajukuu wenyewe, wapo Mackay, na wapo Joskeleigh karibu na Rockhampton, wenye jumba lao la makumbusho. Serikali kuu iliwatambua rasmi kama jamii tarehe 25 Agosti 1994. Jitambulishe, sema majina unayotafuta umeyapata wapi, na uulize kama kuna ambalo familia haitaki lichapishwe. Ukipata jina la babu yao kwenye kesi ya mahakamani, watumie wao nakala kwanza, kabla ya kuiweka kwenye tasnifu.

---

NyanzaMiwa (Kisumu)

Nimeelewa, dada. Naanza na jedwali la tahajia za visiwa leo, kisha 1883 mwezi kwa mwezi kwenye Mackay Mercury. Mwalimu, nikikwama kwenye orodha za shule nitarudi hapahapa.